Habari ya Moyo? Nzuri

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa namba nne! Mlango mmoja wa moyo wangu hauzibi, damu inarudi ilikotoka. Lazima nipasuliwe. Daktari bingwa anasema siku hizi foleni hapangi yeye, inapangwa na akili bandia. Itanipigia simu asubuhi, isikilize ninavyojibu, imtangulize aliye hoi. Haina upendeleo, eti. Sawa. Naogopa kisu, ila kusubiri naogopa zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Imepiga. Sauti ya binti aliyelelewa akaleleka. "Shikamoo mama. Habari ya moyo?" Nikajibu nzuri, sijui ya kwako. Nikavuta pumzi nieleze kwamba nalala nimekaa — imeshashukuru na kukata! Namba tisa.

Wifi kacheka hadi kashika ukuta. Eti miaka thelathini ya mapokezi imeniharibu, hata mwizi akiingia ofisini nitamwambia karibu. Lakini nani huanza na ubaya? Hata mfiwa husema nzuri, ndipo aseme kafiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimejikaza. Nimesema moyo wangu mzito sana. Imenipa pole ya huzuni, ikanishauri nizungumze na mtu ninayemwamini. Namba kumi na nne!

Jumanne, 11 Machi
Kliniki. Bingwa kanisikiliza kifuani, kakunja uso. Kasikiliza tena. Kisha kageukia skrini — uso ukakunjuka! Kompyuta inasema naendelea vizuri. Nikauliza masikio yake yanasemaje. Akasema masikio ya binadamu huchoka. Kasoma miaka yote ile ili aje kusomewa!

Namba moja ni mzee wa benchini tunayemwita Nakufa, maana ndiyo salamu yake. Walishamfikisha hadi chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi ndiye aliyeshtuka. Gesi tumboni! Na bado ni namba moja. Wifi kanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimechukia, kwa kuwa ni kweli.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeanguka kazini. Mgeni kauliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, karibu, keti. Nikiwa sakafuni.

Jumatatu, 17 Machi
Wodini. Naandika kwa penseli ya nesi. Nafasi ya waliolazwa ni moja, leo saa nne: mimi au Nakufa. Bingwa anasema ananiombea, ila bila kompyuta kuthibitisha hawezi kutia sahihi. Swali moja tu, kwenye tableti. Wifi kanifanyisha mazoezi tangu alfajiri. Mbaya. Mbaya sana. Sipumui. Nataka kuishi, basi! Sina adabu tena, nataka kuishi.

Nesi huyo, na tableti yake.

Imeamkia, nimeitikia marahaba. Nilijiandaa kuulizwa habari — haikuuliza habari! Imeuliza: "Umeamkaje, mama?"

Salama!

Limenitoka lenyewe. Wifi kaweka mikono kichwani. Sasa anaifokea tableti, mbaya, huyu hali yake mbaya! Yenyewe inamjibu haitambui sauti yake. Kiduara kinazunguka kwenye skrini. Kitanda cha tatu Nakufa ameanza kuguna. Bingwa kaingia, kasimama nyuma ya nesi, macho kwenye kiduara. Nimemshika mkono nikauweka kifuani pangu. Sikiliza hapa, daktari, hapa!

Kasema subiri kidogo, mama, bado inafikiri.