Koti Lisilosikia Mzigo

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo umenisalimia leo kabla ya mke wangu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine kule sakafuni, mbali kama kiko nchi ya watu. Mke wangu akauliza kama nasali. Nikamwambia napanga siku. Akakisogeza kile kiatu kwa kidole cha mguu, akaenda zake anacheka.

Kazini — habari kubwa! Bosi Mdogo (kwangu atabaki Mdogo, nimemjua binti huyu akichora paka kwenye makatoni yetu enzi za baba yake) ametukusanya sisi wahamisha samani pale gereji, akafungua sanduku. Ndani, koti. Si la harusi. Fito za chuma zinashuka mgongoni hadi mapajani, mikanda kila mahali, mota mbili kiunoni, betri nyuma. Ukiinama linainama nawe, ukiinuka linakuinua. Friji utaiona kama mto wa kulalia, anasema.

Nani ajaribu? Macho yote kwangu. Eti kiuno kinachohitaji msaada kinajulikana. Mkanda wa tumbo haukufika! Fundi akauunga kipande, na watu wakapiga makofi.

Shemeji alisimama mlangoni, mikono amekunja. Ni kaka wa mke wangu, mwenzangu wa ngazi tangu sote wawili tukiwa na nywele. Akasema ukishavaa mashine, mashine nayo imekuvaa. Nikamwambia maneno mazuri hayo ayaweke, atayasema kwenye mazishi yangu.

"Na atakubeba nani, na uzito huo?" akaniuliza. "Koti?"

Jumanne, 4 Machi

Nimebeba friji peke yangu. Peke yangu! Orofa mbili, na nilipofika juu nilikuwa na pumzi ya kumsalimia mwenye nyumba. Kwa kawaida huwa namsalimia kwa kope.

Nimeruhusiwa kuja na koti nyumbani, tuzoeane. Mke wangu alikuwa amekaa anakata vitunguu. Nikamnyanyua na kiti chake. Hakuacha kukata. Akasema, kwa kuwa nimeshamwinua, nimshushe karibu na jiko. Halafu zikaanza amri: kabati la vyombo liende upande wa dirisha, kitanda kigeuke, friji isogee. Nyumba yote imegeuzwa nje ndani kama soksi. Nyuma ya friji kimepatikana kijiko ambacho miaka yote hii amemshuku mama yangu kukichukua.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe koti ni nusu ya habari. Bosi Mdogo kaniita pembeni. Hili tunalojaribu lina ubutu, anasema — linangoja mguu utikisike ndipo lijue. Kuna punje za chuma, ndogo kama za mchele, daktari anazipandikiza chini ya ngozi, kiunoni na mapajani. Ukiwa nazo, koti linajua unataka kuinua kabla hujainua. Likishakujua wewe, halimjui mwingine. Ni kama ndoa, nikamwambia. Hakucheka, hajaolewa.

Punje ni za mtu mmoja kwa sasa, na yeye amenifikiria mimi. Mwenye punje atabeba peke yake. Jumatatu anataka jibu, daktari anasubiri.

Na Shemeji?

Shemeji atakwenda kufunga vyombo. Kukunjia glasi magazeti.

Shemeji ana viganja kama koleo. Glasi zikimwona zinapasuka zenyewe.

Sijamwambia. Lakini gereji yetu haina siri, ina mwangwi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemwingiza Shemeji nyumba ya watu kinyumenyume, na kabati.

Niandike vizuri, maana wajukuu wake watanisingizia. Sisi kwenye ngazi hatusemi. Pumzi ni ya kubebea. Tunagonga mbao kwa ukucha: moja ni simama, mbili ni twende. Yeye juu, anarudi nyuma. Mimi chini, nasukuma. Na hata asipogonga, mimi huwa najua. Goti lake la kushoto likichoka, mbao inatetemeka kidogo tu viganjani mwangu, kama paka anayeota.

Leo mbao ilikuwa bubu. Uzito wote umemezwa na koti, mikononi sina kitu, mota zinavuma kama nyuki. Shemeji kagonga moja: simama. Sikusikia. Kagonga tena kwa hasira, mara mbili, zikifuatana — hizo nikazisikia! Mbili ni twende. Basi nikaenda! Akazidi kugonga, nikazidi kwenda. Mtu aligonga kama mchanja kuni, nami nasema moyoni, leo Shemeji ana haraka ya wapi?

Ngazi zilipokata kona mlango wa jirani ulikuwa wazi. Shemeji akapita humo kwa makalio, kabati likamfuata, akaishia kwenye kochi, kando ya bibi mmoja aliyekuwa akitazama runinga. Bibi akasogea kidogo. Akasema karibu baba, ila kabati ninalo.

Tumecheka mpaka garini. Yaani nimecheka mimi. Shemeji alikuwa anajisugua goti. Baadaye akasema, taratibu, bila utani:

"Shemeji, leo huko chini sikukuona."

Jumamosi, 8 Machi

Nimemweleza mke wangu yote. Nilidhani atamlilia kaka yake. Wapi!

"Mgongo wako unalala na mimi," akasema. "Kaka yangu ana mke wake."

Akanihesabia. Miwani hiyo machoni, umezaliwa nayo? Na jino la pembeni? Mama ana betri ya moyo kifuani na kila Jumapili anatusumbua kwa afya yake. Na huyo kaka anayetoa hotuba mlangoni ana skrubu kwenye kifundo tangu alipoanguka na pikipiki. Hiyo skrubu mbona hajaiambia imemvaa?

Nikajitetea. Miwani inanirudisha pale nilipokuwa. Koti linanipeleka nisikowahi kufika.

"Nyuma ya friji pia ulikuwa hujawahi kufika," akasema. "Umefika, nimepata kijiko changu."

Ukibishana na mwanamke mwenye kijiko mkononi, umeshindwa kabla hujaanza.

Ila usiku alinikanda mgongo. Akaniuliza, ukiwa na punje hizo, mkono wangu utausikia? Nikasema nadhani. Kwa kweli sijui. Sikuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kula. Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, akalisalimia: hujambo mrithi wangu. Mke wangu akamwambia kaka, usitukane usichokijua, livae. Akakataa. Dada yake akamwita mwoga. Akavaa.

Mkanda wa tumbo kwake ulibaki na ziada! Amenikumbusha hilo mara nyingi sana.

Akachuchumaa. Akainuka. Akachuchumaa tena. Akatoka nje tukamwona anachuchumaa uani, peke yake, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akarudi, akaninyanyua na kiti changu, nikiwa na sahani mkononi, akanizungusha.

"Halisemi!" akapiga kelele. "Goti halisemi kitu!"

Akakataa kulivua. Amekula nalo. Nilipomtania, leo nani kavaliwa, akainamia sahani. Akasema goti hilo halijamnyamazia tangu binti yake wa mwisho yuko darasa la kwanza. Binti huyo sasa ni mama wa mtu.

Kumbe hata yeye. Na mimi nilidhani nalijua goti lile.

Koti moja. Punje za mtu mmoja. Tukaongea mpira.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa ngazini, kwa kalamu ya makatoni, herufi nene kama vidole vyangu.

Asubuhi nilimwomba Bosi Mdogo kitu kimoja kabla ya jibu: leo Shemeji avae, mimi nishike juu. Kabati la vitabu, orofa ya nne, jengo lile lile la bibi. Bosi akakubali, akabaki chini na simu.

Tukaanza. Shemeji anapanda kama maji yanavyoshuka. Mimi kinyumenyume, karibu nakimbia, mgongo unaimba nyimbo zote unazozijua. Tulipofika mlango wa bibi niliuombea uwe umefungwa. Umefungwa, alhamdulillahi. Nikataka kugonga simama. Ukucha ukabaki hewani. Nikigonga moja asisikie, itanibidi nigonge tena, na zitakuwa mbili. Sasa ndipo nilipojua Shemeji wa Alhamisi alikuwa wapi.

Kabla sijaamua, mbao ikawa nzito. Yote, kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyeamka. Mvumo ukakoma. Viganjani mwangu, paka yule anaota.

Halafu ukucha kutoka chini: moja.

Tumeliegemeza ukutani. Nimeuliza betri imekwisha? Amesema imejaa. Amezima mwenyewe.

"Nilikuwa sikuoni huko juu," akasema.

Sasa amekaa ngazi mbili chini yangu, koti mgongoni, swichi imelala. Naona upara wake tu, unang'aa jasho. Bosi Mdogo anaita kutoka chini: jamani, daktari yuko kwenye simu, anakuja nani?

"Jibu wewe," Shemeji ananiambia, "wewe ndiwe uliyeitwa."

"Jibu wewe, shemeji, mkanda umekutosha."

Anacheka. Mimi nacheka. Viatu vya Bosi vimeanza kupanda ngazi. Shemeji ameweka kiganja kwenye mbao. Nami nimeweka wangu, huu wa kushoto, wa kulia unaandika.

Amegonga. Moja.

Nasikiliza kama ina ya pili, ya twende