Tanga la Uvunguni

Karakana ya Matanga,
Nyumba ya nyuma.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa mume wangu mtoro,

Nani amekufungia huko? Mwaka mzima hata kivuli chako hatukioni! Kama umenipatia mke mwenza, mwambie mimi nilitangulia. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Unakula? Mimi mzima, isipokuwa magoti, nayo tumeshazoeana. Anayeandika ni mama yako. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapunguza makali.

Tanga jipya la mashua yetu nimelimaliza. Ni pana kuliko la zamani, linashika upepo mpaka raha. Sasa mbio za bahari kuu unazijua: mashua hazilingani, kwa hiyo mpimaji wa chama cha mashua hupima urefu, uzito na ukubwa wa matanga, kisha kila mashua inapewa namba yake. Saa ulizokaa baharini zinazidishwa kwa namba hiyo. Mashua yenye kasi hupewa namba kubwa, saa zake zinavimba. Ndiyo maana wa kwanza kufika anaweza kurudi nyumbani bila kikombe.

Basi mjomba wako, kichwa maji yule, siku ya kupimwa akampa mpimaji tanga kuukuu. Jipya akalificha uvunguni. Uvungu wa kitanda changu! Namba ikatoka ndogo, akaja amekenua meno yote.

"Mama, kikombe chetu mwaka huu!"

"Chetu na nani? Mimi simo."

Nikalipakia tanga kwenye toroli, nikalisukuma mpaka chamani, nikalitandaza miguuni pa mpimaji. "Baba, pima na hili."

Akanionea huruma. "Bibi, namba itapanda. Mtaumia."

"Nimekuuliza? Vuta utepe wako."

Akapima. Ikapanda kweli. Sasa mashua ya daktari wa meno, mpinzani wetu mkubwa, hatuwezi kuipita kwa pua tu. Lazima tuiache mbali, atuone kama kidoti.

Mjomba wako amenuna, amesusa usukani, anasema nimewagawia watu ushindi wetu. Anune mpaka mashavu yapasuke! Nimeshona matanga ya watu tangu mama yako hajaota meno. Langu halitashinda kwa kujificha kama mwizi. Tukishindwa, tushindwe likiwa juu, kila mwenye macho analiona.

Ila bila mshika usukani, mashua inabaki imefungwa gatini, na watu watasema bibi aliogopa namba yake mwenyewe. Hilo silikubali.

Msalimie binamu yako mnayekaa naye. Mama yako anakusalimu. Mjomba wako hajatuma salamu, lakini kila siku anauliza kama umepiga simu. Mungu akulaze salama, akuamshe na haya kidogo.

Njoo kabla ya mbio. Usilete zawadi, usilete sanduku, na usije umenenepa: uzito wa mabaharia nao una kikomo, na nafasi niliyokuwekea usukanini ni ya mtu mwembamba.

Mkeo wa kwanza, akupendaye kwa ukali,
Bibi