Ndege Wamesharuka

Mwanangu kitinda mimba,

Sisi wazima, na yule kuku mkorofi kaanza kutaga. Anayeandika ni shemeji yako, maana mimi na kalamu hatujuani. Unalalamika eti picha ninazokupigia kule kinamasini, kwenye maji ya chumvi, ni tope tupu, ndege hamna. Usiilaumu kamera yako uliyoniachia. Siku hizi nasubiri nisikie mabawa ndio nabonyeza, kumbe wenyewe wamesharuka. Andika, mkwe, mbona kalamu imenyamaza? Daktari kasema huu ukungu wa macho hautoki, utazidi tu. Ndege watarudi hata mwakani. Wewe njoo sasa, usimame karibu, nikutazame vizuri.

Ni mimi mama yako, mdomo bado mzima.