Sahani Aliyoisukuma Babu

Shoga, siamini! Babu leo kaisukuma tena sahani ya Bibi Felicitas, eti chakula kibaya, mbele ya wageni. Bibi akamlipua kwa kisa cha zamani!

Eti mwaka 1954 Babu, karani na tai yake, alitumwa Keko kwa maseremala kuagiza meza. Njaa ikambana, na mtaa wenyewe haujui. Maseremala wakamwelekeza kibanda kimoja cha chakula. Mpishi yuko ndani, haonekani.

Babu kafakamia ndizi kwa samaki, kaomba sahani ya pili, kisha akapaza sauti: "Mke wangu angekuja kujifunza hapa! Yule anapikia mbwa."

ANAPIKIA MBWA, shoga!

Mpishi akatoka na mwiko mkononi. Bibi! Kumbe alikuwa anapika pale kwa siri.

Babu kang'aka: "Nani kakuruhusu?"

Bibi akampokonya sahani, maseremala wote wanatazama: "Nenda kale kwa mkeo."