Milingoti Iliyoshikwa kwa Mikono

Mtaa wa Pecan,
Harlan Mills, Alabama.
15 Novemba 1953.

Mdogo wangu mpendwa Lucius,

Salamu nyingi zikufikie huko Detroit kwenye baridi yenu. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakilea kwa ukaidi wako wa kutovaa sweta? Sisi huku hatujambo. Baba goti linamsumbua kila mvua ikinyesha, na mvua haijatupa nafasi tangu Oktoba, kwa hiyo unaweza kukisia tunavyoishi naye.

Barua yako ya Agosti niliipata. Uliniuliza kama Baba huwa anakutaja. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu la kukufurahisha. Tangu ulipoacha chuo katikati ya masomo ukapanda treni ya kaskazini bila kumuaga, naye akaapa kwamba hutakanyaga kwake tena, jina lako halijatoka kinywani mwake. Akibanwa sana husema "yule wa Detroit," kana kwamba Detroit ina mtu mmoja. Leo nina la kukuambia, ila nivumilie, maana habari yenyewe inapitia uwanjani.

Timu ya chuo chetu cha Tolliver mwaka huu ni aibu tupu. Tangu msimu uanze hatujaonja ushindi. Kocha mpya anahubiri vizuri kuliko anavyofundisha, na vijana wake wanaushika mpira kama sufuria ya moto. Hata hivyo Baba hakukosa mechi. Anasema haendi kutazama mchezo, anakwenda kukagua majukwaa aliyoyajenga kwa mkono wake. Haya, na tumwamini.

Kisha ikaja Jumamosi ile ya Kurudi Nyumbani, sikukuu ya chuo. Wewe unaijua. Waliohamia Chicago na Cleveland wote walikuja na magari yao yanayong'aa na wake zao wenye kofia. Mimi nilikuwa kwenye meza ya kanisa nakaanga samaki, na kila gari lenye namba za huko kwenu Michigan lilipoingia nilifuta mikono nikachungulia. Nilikuwa nautafuta mwendo wako, ule wa mtu anayeruka dimbwi. Samaki waliungua mara mbili, Shangazi Ozella akaninyang'anya kikaango. Lucius, nimekukumbuka mpaka nimechoka kukukumbuka.

Tulicheza na Wenona, na unajua tangu lini hatujawafunga wale. Tulikuwa nyuma, kumi na mbili kwa sita, na muda umekaribia kwisha. Mara kijana mmoja wetu akaukumbatia mpira, akapenya katikati yao na kuvuka mstari wa mwisho, pointi sita hizo. Ikawa kumi na mbili kwa kumi na mbili, limebaki teke la nyongeza tu, lile la pointi moja la kupitisha mpira kati ya milingoti. Basi Purvis kinyozi, ambaye ndiye hutundika namba ubaoni, furaha ikampanda kichwani akatundika kumi na tatu kabla teke halijapigwa!

Watu walipoona kumi na tatu hawakuuliza. Walimiminika uwanjani, wazee kwa vijana, wakaing'oa milingoti ya goli kama desturi yetu tukiwashinda Wenona. Walikuwa wameshaibeba mabegani wakielekea kanisani pale mwamuzi alipowafikia, filimbi mdomoni.

"Mnakwenda wapi nayo? Teke bado!"

"Bado nini? Soma ubao!"

"Ubao wa kinyozi huo! Rudisheni, au mkubali sare mwende zenu."

Mashimo yalikuwa yamebomoka, milingoti haikukubali kusimama. Ikabidi ishikwe kwa mikono. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, Wenona walishika mlingoti mmoja na sisi tukashika wa pili. Nikitazama, namwona Baba, na goti lake lile, ameukumbatia wetu.

"Mzee, nyoosha! Unalegea kama timu yenu!" wakamtania wale wa Wenona.

"Shikeni wenu, wahuni nyie. Mimi nilikuwa nasimamisha nguzo mama zenu hawajaolewa."

Mpigaji wetu, kwenye nafasi iliyokuwa yako, ni Wendell, kijana wa mwaka wa kwanza. Alikuwa anautazama mlingoti, anamtazama Baba, anautazama tena. Ndipo Baba akapaza sauti:

"Acha kutazama huku! Tazama mpira, Lucius! Tazama mpira, mwanangu!"

Waliokujua waligeuka kumtazama Baba. Purvis alivua kofia. Mimi niliacha meza nikasogea mpaka kwenye mstari.

Wendell akapiga. Mpira ulianguka hata milingoti haujaifikia. Sare. Wenzake wote wakauachia ule mlingoti, lakini Baba alibaki ameushika peke yake, uso ameugeuzia upande mwingine. Nilimwendea nikamwambia, "Baba, achia, mchezo umekwisha." Akasema, "Nimeona." Kisha akaulaza chini taratibu.

Jumapili baada ya ibada Wendell akaja kwetu kuomba radhi kwa lile teke. Nilimpakulia pai ya viazi vitamu. Alikula kwa adabu, halafu akauliza, maskini, hajui lolote: "Shemasi, huyo Lucius ni nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Baba akaweka uma chini. "Ni mwanangu. Mpira ule angeupitisha amefumba macho."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Mbali," Baba akasema. Akaisogeza sahani yake pembeni. "Yuko mbali sana." Kisha akaenda chumbani kwake, na pai yake sikuigusa mpaka kesho yake.

Mimi sitakuambia ufanye nini, una akili zako. Nakuambia tu nilichokisikia kwa masikio yangu.

Shangazi Ozella anakusalimu na anauliza kama umeoa au bado unajipikia. Purvis pia anakusalimu, ingawa siku hizi hatoki nje kwa sababu ya utani. Mwenyezi Mungu akutangulie kazini, akulinde na zile mashine, akupe usingizi mzuri.

Nilikuwa nafunga barua hapa, Baba akaingia jikoni kutafuta kahawa. Akauliza namwandikia nani. Nikasema, "Lucius." Alimimina kahawa yake, akaikoroga ingawa hakutia sukari, akatoka. Kisha akarudi, akasimama mlangoni.

"Mwambie mlango wa mbele umevimba kwa mvua. Asije akagonga akadhani hatupo. Ausukume kwa bega."

Mimi dada yako ninayekupenda leo na siku zote,
Odessa