Mchoro wa daktari puani

Winny, nimechoka. Hata kulia siwezi.

Si leo nilienda Kampala kwa yule daktari wa kupunguza ncha ya pua? Alinichora na kalamu kuonyesha atakata wapi. Nikasahau kufuta!

Kufika mpakani Malaba, kwa foleni ya kugonga pasi, nakutana na nani? Senge Zilpa, dada ya baba.

"Nani amechora pua ya mama yangu?"

Pua ya mama yangu, ati. Nikamwambia ukweli.

Hakupiga kelele, Winny. Heri angepiga. Alisema tu, "Picha zote za mama zilienda na mafuriko kule kwetu Rukala. Nikitaka kumwona, nakuangalia wewe."

Akatoa leso, akanifuta mbele ya madereva wote wa malori.

Operesheni ni Jumanne. Wino bado haujatoka wote puani.