Meza ya Barua za Watu

4 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi hilo tumemaliza. Mimi mzima wa mdomo. Magoti ni habari nyingine. Wewe je, hujambo? Nauliza kwa sababu habari aliyoniletea mama yako si ya mtu mwenye akili zake.

Eti umeacha maabara. Miaka tisa unachungulia damu za watu kwenye kile kioo chako, nami natembea mtaani shingo juu kama twiga, nasema mjukuu wangu anauona ugonjwa kabla mwenye nao hajaumwa. Leo umekwenda kupanga vitabu. Vitabu vinaumwa nini?

Fundi cherehani, anayeniandikia, amesimamisha kalamu hapo, anasema Bibi tulainishe kidogo. Nimemwambia alainishe vitambaa vyake, maneno yangu ayaache yalivyo. Na usinipigie simu. Nikishika simu napiga kelele, mtaa mzima unasikiliza bure.

Mimi shule sikuiona hata mlango. Niliosha mashuka ya nyumba ya wageni mpaka vidole vikawa kama magome, ili wewe usome. Sikuosha ili ukafute vumbi. Rudi kwenye kioo chako kabla hawajamkalisha mwingine.

Bibi yako, mwenye hasira na wewe na mwenye kukupenda, chagua la kuanza nalo


19 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijambo, nakula, na siku hizi nalala kweli. Magoti uyakande kwa maji ya moto.

Sitarudi, Bibi. Usikasirike kabla karatasi haijaisha. Miaka tisa niliona damu, sikuona mtu. Chupa inakuja na namba, naandika jibu, jibu linaondoka. Siku moja nilipotoka nilimkuta mama mmoja getini kashika karatasi niliyoiandika mwenyewe, kaigeuza juu chini, anawauliza wapita njia imesema nini. Kila mtu ana haraka. Na mimi nilikuwa na haraka. Nikapita. Tangu siku hiyo, kwenye hadubini namwona yeye tu.

Sasa niko maktaba ya umma. Vumbi nafuta, sikatai. Lakini kila Alhamisi naweka meza karibu na mlango: mwenye barua asiyoweza kuisoma asomewe, mwenye la kuandika aandikiwe. Alhamisi ya kwanza alikuja mmoja, akauliza choo kiko wapi.

Nibariki, Bibi. Bila baraka yako mikono inafanya kazi nusu.

Mjukuu wako


2 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mama anasema unakula na unagombana na Fundi, kwa hiyo u mzima. Lakini jina langu likitajwa unaingia ndani. Kama bado ni hasira, nitumie hata tusi, nitalipokea.

Acha nikusimulie. Alhamisi iliyopita alikuja mzee mmoja wa kofia, mtengeneza baiskeli. Akaniwekea mezani bahasha ya hospitali, haijafunguliwa, imelegea kwa jasho. Alikuwa ameibeba mfukoni wiki saba. Nikamuuliza kwa nini hakumpa mwanawe amsomee.

"Akianza kulia," akasema, "mimi nitamwambia nini?"

Nikafungua, nikamsomea polepole: hakuna ugonjwa ulioonekana. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akavua kofia, akaiweka mezani, akakaa tu. Watu nyuma yake wakangoja bila kunung'unika, maana sasa wanapanga foleni, Bibi, na mkuu wangu ameniongezea viti.

Jibu kama lile nimeliandika maabara mara elfu. Ile ndiyo mara ya kwanza kuliona likifika.

Mjukuu wako


13 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Dereva wa basi la asubuhi amenikabidhi kitu chako, bila barua wala salamu. Anasema ulimwambia, "Mpe, atajua." Nimejua.

Fundi, hapa soma taratibu, na usiulize.

Bibi, nimekifungua. Nimekisoma mara tatu nikiwa nimeketi na mara moja nikiwa nimesimama. Ni kama cha yule mzee wa kofia, neno kwa neno. Wanataka tu wakuone tena baada ya miezi sita, na nitakuja twende wote. Lala, Bibi yangu. Lala usingizi.

Dereva anageuza sasa hivi, barua hii anarudi nayo.

Mjukuu wako


25 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba; nakurudishia zote nilizokunyima. Mimi mzima. Nimemwambia Fundi neno hilo aliandike kwa herufi kubwa, anasema wino utaisha.

Aliposoma kwamba jibu langu ni kama la mzee wa kofia nilikaa chini palepale, juu ya nguo za wateja wake, nikalia. Akadhani kuna msiba, akamwita mkewe, mkewe akaja na mtandio tayari kichwani. Ikabidi niwaambie yote. Sasa mtaa mzima umevaa habari zangu. Na wavae, habari njema haibani mtu.

Sikia ukweli. Mwezi wa pili nilipata uvimbe chini ya kwapa. Hospitali wakakata kipande, wakasema kinapelekwa maabara kuangaliwa. Nikajisemea, sina hofu, mjukuu wangu atakiona kwanza. Wiki ileile mama yako akaniambia umeondoka. Basi ile haikuwa hasira ya vitabu. Ulikuwa woga, na woga wa mzee hauna adabu.

Bahasha ilipokuja nikaificha chini ya godoro. Fundi nisingempa, anisomee kifo leo, kesho anipime gauni? Na kila nilipotaka kukujibu niliona nitasema yote mbele yake, nikafunga mdomo. Unajua mimi kufunga mdomo ni ugonjwa tosha.

Nimefikiri sana. Ungebaki kwenye kioo ungeona kipande cha nyama chenye namba, usijue ni bibi yako. Nilikosea. Baraka yangu unayo, fanya kazi kwa mikono yote miwili.

Jana nimekwenda nyumba ya vitabu ya hapa kwetu, nyuma ya kituo cha basi. Miaka yote nilipita nje nikidhani ni ya wenye shule. Kumbe mlangoni hakuna anayekuuliza. Nikamkuta mama mwenye miwani, nikamuuliza meza ya barua iko wapi. Akasema kwa upole kwamba huduma hiyo hawana. Nikamwambia jirani zangu wawili wako hapo nje na bahasha zao, wamekaa nazo tangu mvua za mwanzo. Akachungulia mlangoni. Halafu akasogeza magazeti pembeni, nami nikavuta viti.

Yeye anasoma. Mimi nawashika mikono.

Bibi yako